Injini ya Kupewa

Gari la Cikuru lilikata roho Mugunga, pembeni mwa mji wa Goma, mchana kweupe, mbele ya wauza viazi na vijana wa pikipiki, yaani mbele ya watu ambao Mungu hakuwapa kipaji cha kunyamaza. Lilikohoa, likatoa moshi mweupe, likagonga kwa ndani kama mtu aliyefungiwa chumbani, kisha kimya. Cikuru alizungusha ufunguo, akazungusha tena, akaacha.

"Papa Banki, hii ni gari ao ni jiko?" kijana mmoja akauliza, na barabara nzima ikacheka.

Jina hilo la Papa Banki lilimganda tangu alipotoka Bukavu kuja kuwa karani wa benki, amekaa nyuma ya kioo na tai shingoni. Kisha benki za Goma zilifunga milango, na tai ikabaki msumarini. Mshahara wa mwisho yeye na mkewe Aurélie waliugeuza Toyota, iliyokwisha kuzeeka huko huko ilikotoka, na kwa Toyota hiyo akawa anapeleka watoto wa Mugunga na wa Lac Vert kwenye shule moja ya Katindo, na kuwarudisha. Wazazi walilipa kila mwisho wa mwezi. Kodi ya nyumba, unga, na karo ya mtoto wao Murhula, vyote vilitoka humo.

Sasa likizo ilikuwa inakwisha na shule ingefunguliwa Jumatatu. Ikiwa Jumatatu gari halipo, wazazi hawatangoja. Byiringiro, mwenye gari jipya linalong'aa, alikuwa amekwisha kupita nyumba kwa nyumba akiwasalimia wazazi kwa upendo ambao haukuwahi kuonekana kabla.

Cikuru na vijana hao walilisukuma gari hadi kwenye garaji ya Kasereka, ambayo ni uwanja tu wa mawe meusi ya volkano, una turubai juu na mafuta machafu chini. Kasereka ni mtu mpole anayependa utani, na hakuna aliyewahi kumwona amevaa nguo safi isipokuwa kanisani. Aliinama ndani ya boneti, akafungua hapa, akagonga pale, kisha akatoa bomba moja na kulitazama kwenye mwanga. Ndani yake mlikuwa na gamba jeupe, nene, kama lile linaloota ndani ya birika la chai.

"Papa Banki, unatiaka maji ya wapi humu?"

"Ya ziwa. Batu bote banatia ya ziwa."

"Bote banatia, na bote banakuya kwangu," Kasereka akasema. "Ziwa yetu iko na chumvi chumvi yake. Inafunga njia, motere inakosa kupumua, inapasuka."

Cikuru alijua anachoambiwa. Maji ya radieta yanayouzwa dukani aliyaona, akauliza bei, akapiga hesabu ya mwaka mzima na kufurahia faida ya kutoyanunua. Bidoni iliyojaa maji ya ziwa ilikuwa pale nyumbani, ya nini kutupa fedha? Lakini rahisi huvunja upishi, na upishi wa Cikuru ulikuwa umevunjika chungu na jiko.

"Itatengenezeka?"

"Hii imekufa. Kuitengeneza ni kubembeleza maiti. Tafuta motere ingine."

Injini za mitumba zipo Goma, zimepangwa mbele ya maduka. Cikuru aliuliza bei ya moja, akashukuru, akatoka. Akiba yote ya nyumba ingenunua labda kifuniko chake. Alirudi kwa Kasereka amekunja uso, na Kasereka, aliyekuwa amekaa juu ya gurudumu akila muhindi, akamwambia kwamba iko injini moja mjini ya aina ile ile, nzima, haijauzwa.

"Iko kwa Mama Mukashyaka, kule kule Mugunga. Lakini hauzishake."

Cikuru alimfahamu. Alikuwa bibi yake Ushindi, mmoja wa watoto aliokuwa akiwapeleka shuleni. Mama huyo alitoka milima ya Masisi na ng'ombe wachache waliobaki baada ya vita. Goma haina majani ya ng'ombe, ina mawe. Basi akawauza, akanunua gari ili mwanawe afanye taksi. Halikumaliza mwaka: lori lilirudi nyuma kwenye mteremko likaliponda kuanzia viti vya nyuma hadi mkiani. Mwanawe akaenda Butembo kutafuta kazi, na gari likabaki uani chini ya turubai. Wanunuzi wa vyuma chakavu walikuja na mizani yao, wakitaka kulinunua kwa kilo. Mama aliwafukuza kwa ufagio.

Cikuru na Kasereka walipofika, aliwapokea vizuri. Alikuwa mrefu, mwembamba, kitambaa kichwani, na alikuwa na namna ya kumsikiliza mtu huku akitazama mbali, kama anayehesabu mifugo kilimani. Cikuru alimweleza shida yake. Mama aliondoa turubai mwenyewe, akamwambia Kasereka aunganishe betri. Injini ikashika, ikanguruma bila kusita, na uso wa yule mama ukafunguka.

"Sikia sauti yake," akasema. "Ile ni ngombe zangu zinalia."

Kisha akamgeukia Cikuru.

"Ushindi ananiambiaka, mvua ikinyesha unatokaka, unamufungulia mulango, unaloba weye mwenyewe. Hii motere nimekugabira. Chukua."

Hapa inabidi tusimame kidogo, maana hapa ndipo mtu wetu alipoharibu. Neno hilo, kugabira, watu wa ng'ombe hawalitupi ovyo. Mtu akikwambia hivyo amekupa ng'ombe, na anayepewa ng'ombe haulizi bei. Anasimama, anashukuru kwa sauti majirani wasikie, anamsifu aliyempa. Siku nyingine anarudi na pombe. Na siku nyingine, Mungu akipenda, ndama mmoja anarudi alikotoka mama yake. Kati ya nyumba mbili hizo kumeshakuwa na kamba, na ndiyo heshima yenyewe.

Cikuru alitia mkono mfukoni akatoa bahasha.

"Aksanti sana, mama. Hii ni akonti kidogo, ya kuanzia. Ingine nitaleta mwisho wa mwezi, kidogo kidogo. Tutaandika karatasi, kila mutu atatia sinyatire."

Kasereka alifumba macho. Mama Mukashyaka aliitazama bahasha, hakuigusa.

"Unanilipa?"

"Ndiyo mama, siwezi kukuibia."

"Bale ba kilo nao balisema vile." Alizima injini kwa mkono wake mwenyewe, akavuta turubai, akalifunika gari hadi chini. "Muende muzuri."

Heri kujikwaa kidole kuliko ulimi. Kidole angalau unajua unakipaka dawa gani. Njiani Kasereka hakufanya utani hata mmoja, na hapo Cikuru akaelewa kwamba jambo ni zito.

Nyumbani Aurélie alikuwa akichambua maharage. Alisikiliza hadithi yote mikono ikiendelea, na ilipofika kwenye bahasha mikono ikasimama.

"Papa Murhula, ulitosha franga mufukoni? Mbele yake?"

"Mama Murhula, siyo mubaya kulipa."

"Kwetu kule Walungu baba yangu angekukimbiza na fimbo hadi barabarani. Mutu anakupa ngombe, unamuuliza bei ya mukia!"

"Sipendi deni, ni ile tu."

"Haupendi deni ao haupendi batu? Kaka yangu alikuletea maharage, ukakataa. Bale ba jumuiya ya kanisa balitaka kukuchangia, ukaacha kuenda. Tangu banki ifunge unatembea sawa mutu mwenye anafichama."

Cikuru alijua ni kweli, na ukweli ukisemwa na mke wako juu ya ungo wa maharage hauna pa kukwepea. Alikuwa na aibu. Kwa miaka yote ya benki yeye ndiye aliyekuwa akichangia harusi za watu, akinunulia binamu madaftari, akilipa soda kwenye misiba. Kulipa alikujua. Kupewa hakukujua, na kila alipokaribia kupewa alihisi kama anavuliwa shati mbele ya watu. Usiku ule hakulala vizuri, na asubuhi mkewe hakumuuliza amelalaje.

Alimwambia tu avae. Alikuwa amekwenda sokoni alfajiri akarudi na bidoni ya kasiksi, ile pombe ya ndizi, akaifunika kwa kitambaa safi.

"Mukono mutupu haurambwe," akasema. "Na leo utasema weye. Miye nitabeba tu pombe."

Wakampitia Kasereka awe shahidi, wakaenda. Mama Mukashyaka aliwaonyesha mahali pa kukaa, akaiona bidoni. Lakini kasiksi ina harufu yake, na Mugunga nyumba ni za mbao zilizobanana. Haukupita muda majirani wakaanza kupita kusalimia, na waliopita kusalimia wakakaa.

Cikuru akasimama. Hakuwa na ulimi wa kusifu. Wengine huzaliwa nao, yeye alizaliwa na ulimi wa barua.

"Mama Mukashyaka," akaanza, "nina heshima ya kufika mbele yako kukuletea ombi langu, nikitumaini kwamba litapokelewa vizuri..."

Kasereka alikohoa ndani ya kofia yake. Mwanamke mmoja akacheka wazi. Cikuru akaacha, akatazama mawe meusi miguuni pake. Alipofungua tena kinywa, barua ilikuwa imeondoka.

"Mama, jana nilikutukana. Sikujua ni matusi, lakini nilijua niko na woga. Kitu nimelipa, nachukua, naenda, siangalie nyuma. Kitu nimepewa kinabakia kinaniangalia. Tangu kazi ifunge, niko naogopa kuwa mutu wa kupewa. Nilidhani mutu wa kupewa anakuwa mudogo." "Niko naomba ile motere, mama. Sina kitu ya kurudisha leo. Bila ile motere, Jumatatu sina kazi. Naomba."

Mama Mukashyaka alitazama mbali kama jana, na Aurélie akaanza kukunja pindo la kitambaa.

"Papa," mama akasema, "unaogopa kupewa siku ngapi? Miye nimepewa miaka. Nilitoka Masisi nikafika kambini, nikapewa turubai. Nikapewa unga, nikapewa mafuta, nikapewa sabuni, nikatia kidole kwenye wino ili banipe tena. Aksanti yao, sikatae. Lakini kule kwetu batu balikuwa banakuya kwangu. Usiku, muchana, 'Mama, nakuomba maziwa, nakuomba ndama.' Hapa Goma hakuna mutu ameniomba kitu. Hata chumvi." Akajipiga kifua taratibu kwa kiganja. "Nilisema basi, Mukashyaka alikufa, kunabakia kopo la kupokelea unga. Jana ulikuya ukaniomba, nikasikia niko mutu. Kisha ukatosha ile bahasha."

Machozi yalimtoka Cikuru, na hakuyafuta.

Mama aliinuka, akaenda kwenye gari, akavuta turubai lote na kulitupa chini. Akaweka mkono juu ya boneti kama watu wanavyoweka mkono mgongoni mwa ng'ombe.

"Majirani, musikie!" Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyezoea kuita kutoka kilima hiki hadi kile. "Hii motere nimemugabira huyu mutu wa Bukavu, baba ya Murhula. Hakuiba, hakununua. Miye njo nimemupa!"

Wakapiga makofi. Cikuru naye alipiga, juu, kwa viganja vyote viwili, jinsi mkewe alivyomnong'oneza, akasema kwa sauti kwamba Mama Mukashyaka ni mwenye zizi pana, kwamba wanaotoka kwake hawatoki na njaa. Alikosea maneno mawili matatu. Hakuna aliyejali, kasiksi ilikuwa imefunguliwa.

"Na ndama, mama?" akauliza walipokuwa wakiagana. "Nitakurudishia nini?"

"Ndama anakuya siku yake. Mutu haulize ngombe atazaa lini."

Kasereka alianza kufungua nati pale pale. Injini ilisafiri kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, imefungwa kamba, watu wanne wakiishika wasije wakaitia mtaroni. Jumapili baada ya misa ilikuwa imekwisha kuingia kifuani mwa Toyota, na radieta ilikuwa imesuguliwa mpaka ikatoa chokaa yake yote. Kasereka akamkabidhi Cikuru bidoni ya maji ya dukani bila maelezo. Ujira wake alikubali kuupokea polepole, na safari hii hakuna aliyetaja sinyatire.

Jumatatu Cikuru alipita nyumba hadi nyumba. Wazazi walitoka milangoni na watoto waliovaa sare za bluu na nyeupe, wengine wakishangaa, maana habari za kifo cha gari zilikuwa zimewafikia na Byiringiro alikuwa amezipeleka mwenyewe. Lilipanda mteremko wa Mugunga bila kukohoa. Ushindi aliingia wa mwisho, akakaa nyuma, akafunga mlango kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Penye bomba la maji kulikuwa na msururu wa wanawake na bidoni zao za njano, na Mama Mukashyaka katikati yao. Cikuru alipunguza mwendo ili amsalimie. Kabla hajafungua kioo aliona yule mama ameweka bidoni chini, amenyoosha mkono, anawaonyesha wenzake gari.

"Munasikia ile sauti?" alikuwa akisema. "Ile ni yangu. Nilimupa."

Wanawake waligeuka kulitazama gari, kisha wakamgeukia yeye. Mmoja wao, aliyekuwa mbele kabisa ya msururu, akatoa bidoni yake kwenye bomba.

"Mama, kuya uchote kwanza," akasema. "Halafu niko na kitu nataka kukuomba."