Samaki wa Zamu

Sadala Mhando aliyapima matangi yote mawili kwa futi kamba kabla ya kumlipa fundi vioo, na moja lilipozidi jingine kwa unene wa kucha akamtaka alitengeneze upya. Fundi alilalamika kwamba samaki hawana habari na unene wa kucha. Sadala akamjibu kuwa samaki hawana, ila wake zake wanayo.

Ndivyo alivyokuwa. Alikuwa na duka la vipuri vya pikipiki mjini Korogwe na wake wawili, Mwaija aliyekaa Chanika, Handeni, peke yake tangu binti yao Faudhia aolewe, na Yusra, mke mdogo, aliyekaa Kilole, karibu na duka. Jambo alilojivunia kuliko hata duka ni haki. Akinunua khanga, ni doti mbili za rangi moja na maneno yale yale. Akinunua sufuria, ni mbili. Mwaka ule alipomnunulia Yusra friji kwa sababu ya joto la Kilole, Mwaija naye alipelekewa la kwake, ingawa nyaya za umeme zilikuwa bado hazijafika nyumbani kwake, na mpaka umeme ulipofika alilitumia kuwekea unga wasiufikie panya. Majirani walimsifu sana Sadala kwa lile friji.

Samaki aliwaona Mombo, kwa mtu wa Kyela aitwaye Habakuki, aliyekuwa akiwafuga nyuma ya banda lake la chipsi. Walikuwa mbuna, samaki wadogo wa Ziwa Nyasa wanaoishi kwenye mapango ya mawe. Majike walikuwa wa manjano, na dume alikuwa wa buluu mwenye milia myeusi. Sadala aliwapenda hapo hapo, chipsi zikiwa mkononi.

“Usiwe na haraka, mzee,” Habakuki alimwelekeza. “Panga mawe wapate pa kujificha. Tia maji, washa pampu, halafu uliache tangi likae hivyo hivyo bila samaki wiki kadhaa, maji yakomae. Chakula ni kidogo, cha majani majani. Mbuna ukimlisha kwa huruma tumbo linavimba, anakufa. Na usiweke jike mmoja na dume mmoja, dume atamfukuza mpaka amuue. Weka majike wengi, usumbufu ugawanyike.”

Sadala alisema hilo la mwisho hana haja ya kufundishwa. Akachukua majike wanane, wanne kwa kila nyumba. Tatizo likawa kwa madume, maana wengine wote walikuwa wameshauzwa, na aliyebaki alikuwa mmoja tu. Mtu mwingine angesubiri mzigo mwingine kutoka Kyela. Sadala alifikiri kidogo, akaona jibu liko wazi, kwamba dume atakwenda kwa zamu.

Basi ikawa hivyo. Sadala mwenyewe alilala siku mbili Kilole na siku mbili Chanika, na kila alipohama alihama na samaki, ndani ya dumu dogo lenye matundu kwenye kifuniko, amelipakata kwenye kiti cha dirishani cha Kosta. Ponsiano, konda wa gari hilo, aliwazoea wote wawili. Abiria wa Sindeni wakiuliza mle ndani mna nini, Sadala alisema mna bwana harusi.

Mwanzoni Mwaija alilitazama lile tangi kama alivyolitazama friji. Maji ya Chanika yanakuja kwa madumu juu ya mkokoteni, na kuyamwaga kwenye kioo ili samaki wasioliwa waogelee kulimuuma moyoni. Lakini yale maji yake yana chumvi, na mbuna wanapenda maji ya namna hiyo. Kule Kilole maji ni laini, ikabidi Sadala atafute mawe ya matumbawe kutoka Tanga ili samaki wa Yusra wapate nafuu. Kwa Mwaija hakikuhitajika kitu. Dume akishatiwa kwenye tangi la Chanika, milia yake ilikoza na buluu yake ikang'aa mpaka watoto wa jirani wakaja kuchungulia. Mwaija aliliona hilo na likampendeza kuliko alivyokuwa tayari kukiri.

Wivu wake haukuwa mgeni. Alikuwa nao tangu siku aliyoletewa habari za Kilole, na alikuwa akiupa kazi. Alikagua kola za mashati ya Sadala na kuijua pasi ya Yusra kwa mikunjo yake. Alinusa mafuta ya nywele. Sasa alikuwa na wa pili wa kumkagua. Samaki akifika kutoka Kilole tumbo limejaa, Mwaija aliinama kwenye kioo akasema, “Umedekezwa huko,” akamfungisha saumu siku nzima. Akifika amefifia, alifurahi, akampa mchicha uliochemshwa na kupondwa. Alifanya hivyo hivyo kwa Sadala, ila Sadala hakutambua.

Masika yalipoanza, zamu za Chanika zikaanza kumegeka kingo. Sadala alifika baada ya Isha na kuondoka kabla ya chai. Mara mzigo wa matairi unaingia, mara kuna mteja wa Vugiri. Kisha ikaja siku ambayo hakufika kabisa.

Mwaija alikuwa amepika wali wa nazi na kuku. Magharibi alikwenda kuwasha taa ya tangi, akamkuta dume yuko ndani, nyuma ya jiwe kubwa, anahema kama mtu aliyetoka safari. Maji yalinuka dizeli kidogo. Majike wanne walikuwa wamekwisha kusogea karibu. Mwaija akanyunyiza chakula kidogo, akasubiri wamalize, akafunika kopo. Simu ikaita.

“Gari limekufa Sindeni, Mama Faudhia,” Sadala alisema. “Fundi anahangaika nalo. Sidhani kama nitafika.”

“Pole. Samaki amefika.”

“Amefika na nani?”

“Peke yake.”

“Saa ngapi?”

“Magharibi, kama siku zote.”

“Basi afadhali,” alisema Sadala, kwa sauti ya mtu aliyetuliwa mzigo kichwani.

Kesho yake Mwaija alikwenda stendi kumuuliza Ponsiano. Ponsiano alikuwa akifuta viti.

“Ndiyo, mama, alipanda Korogwe. Nikamwacha akae pale pale dirishani. Nauli sikumdai, maana siku zote yeye na mzee wanalipa moja. Mtu mpole, hakusumbua. Kiti tu ndiyo kililoa.”

“Na hilo gari mlilitengenezaje kule Sindeni?”

“Gari gani?” Ponsiano alishangaa. “Jana tumekuja bila hata pancha.”

Mwaija alirudi nyumbani akaketi mbele ya tangi. Ilikuwa bado zamu yake, siku ya pili. Akampigia Yusra, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu mwanamke huyo aolewe.

“Shikamoo, dada,” Yusra aliitikia haraka.

“Marahaba. Baba Faudhia yuko hapo?”

“Yupo, amejilaza kwenye kochi. Nimwamshe?”

“Mwache. Leo ni zamu ya nani?”

“Ni yako, dada. Mimi nilimwambia.” Kisha kama mtu aliyekuwa akingoja siku nyingi apate pa kusemea, akaongeza, “Lakini na wewe huyo samaki unampa nini huko? Akirudi kwangu anakaa kwenye kona, kaelekea ukutani. Majike wangu wanazunguka wee, hana habari nao. Nimeweka matumbawe, nimeweka taa ya rangi. Siku yako ikifika hata sijui anatokea wapi, nikigeuka hayupo.”

“Maji tu, mdogo wangu,” alisema Mwaija. “Maji ya kwetu yana chumvi.”

Alipokata simu alijisikia vizuri, na hakuona haya kujisikia hivyo. Kwa mara ya kwanza kulikuwa na kitu ambacho Yusra alimwonea wivu yeye. Utamu huo ukampa wazo baya. Jioni ile, zamu ilipokuwa inakwisha, alilaza ubao juu ya tangi na juu ya ubao akaweka jiwe la kusagia. Alitaka dume alale hapo siku za Kilole, ili Yusra naye awashe taa akute maji matupu, apike chakula kipoe, ajue kungoja kukoje.

Alfajiri, baada ya kuswali, alikuta jiwe liko pale pale na ubao ni mkavu. Dume hakuwamo. Kulipokucha Ponsiano alimpigia akisema amempokea salama, wamepita Sindeni. Mwaija alikaa sakafuni akalia. Samaki yule hakuwa akimpenda yeye kuliko Yusra, wala Yusra kuliko yeye. Siku ya mtu ilipofika alikuwa kwa huyo mtu, na ilipokwisha aliondoka. Kumbe iliwezekana. Kumbe umbali kati ya Korogwe na Handeni si mkubwa kiasi hicho. Akawatazama majike wanne wa manjano kule ndani ya kioo, watatu kati yao wakiwa wamevimba mashavu kwa watoto, maana jike wa mbuna hulelea watoto kinywani wala hali mpaka awateme. Aliwaonea wivu, samaki aliowanunulia maji yeye mwenyewe, na wivu huo ulikuwa mkali kuliko ule wa Kilole.

Zamu tatu zaidi zilipita, samaki anafika, Sadala hafiki. Hapo Mwaija akaita wazee.

Walikutana sebuleni kwake Chanika, mchana wa siku ambayo ilikuwa ya zamu yake. Mzee Mustapha, baba mdogo wa Sadala, alikaa kwenye kiti cha mikono. Jabiri, kaka yake Mwaija, alikaa karibu na mlango. Sadala alikuja na Kosta ya asubuhi, na siku hiyo gari halikufa popote. Dume alikuwa amewasili tangu jana.

Sadala aliombwa aseme, akasema kwa utulivu. Matangi ni sawa, mzee mwenyewe anaweza kuyapima, futi kamba amekuja nayo. Majike wanne huku, wanne kule. Mawe alipima kwa mizani. Biashara imekuwa na mambo mengi masika haya, lakini hakuna siku moja ambayo nyumba hii iliachwa bila mtu kutoka kule.

“Baba,” alisema Mwaija, “mimi niliolewa na Sadala. Sikuolewa na samaki.”

“Hilo ni kweli,” alisema Mzee Mustapha. Akanywa chai. “Na huyu samaki ni wa nani?”

“Wa Sadala.”

“Anakuja siku za nani?”

“Zangu.”

“Amewahi kukosa?”

Mwaija angeweza kudanganya, lakini dume alikuwa pale kwenye kioo, milia imekoza, kila mtu anamwona. “Hajawahi,” alisema.

“Amewahi kuchelewa?”

“Hapana.”

Mzee Mustapha aliguna, akamtazama Jabiri kana kwamba anamwomba msaada. “Sasa mwanamke ambaye zamu yake haijakosa, hata kuchelewa haijachelewa, sisi tutasema ameonewa wapi?”

“Lakini mtu ni mtu, mzee,” Jabiri alisema. “Dada yangu anakaa anaongea na kioo.”

“Wapo wasio na hata hicho kioo,” mzee alimjibu, bila ubaya. “Wangapi hapa Handeni waume zao wamekwenda Dar, hawajaleta hata dagaa?”

Jabiri alikuna kidevu. Ikaamuliwa kwamba Sadala ajitahidi kufika anapopata nafasi, na asipopata nafasi, kufika kwa samaki kutambulike. Mzee Mustapha aliongeza kwa upande wake kwamba Sadala awe ananunua chakula kizuri zaidi, kwa kuwa msafiri hachoki kidogo. Sadala alikubali yote mawili. Wakala pilau, na Sadala aliisifu mara mbili. Kisha akatazama saa na kusema asipowahi Kosta ya saa tisa atakosa gari. Ilikuwa zamu ya Chanika, lakini samaki alikuwa ameshafika, kwa hiyo hakuna aliyemzuia.

Tangu hapo mambo yalikwenda bila ugomvi. Sadala alifika Idi, na alifika tena pampu ilipoungua, akaleta pampu mbili, moja ya hapa na moja ya Kilole ingawa ya Kilole ilikuwa nzima. Majirani waliliongelea hilo. Majike waliwatema watoto wao, vijisamaki vya manjano vikajaa kwenye mapango ya mawe, na Mwaija akawa anavisagia chakula mpaka kiwe vumbi. Ponsiano alitandika plastiki kwenye kiti cha dirishani. Yusra naye, siku ambazo si zake, alikuwa na mume mzima kochini na tangi lisilo na dume, na inasemekana hakuridhika kabisa.

Siku za Mwaija, magharibi, alioga, akajipaka mafuta, akajifunga khanga mpya, ile ya doti mbili, akafukiza udi kidogo sebuleni. Kisha akawasha taa ya tangi. Simu haikukawia.

“Amefika?” Sadala aliuliza.

“Amefika.”

“Amekula?”

“Amekula.”

“Alhamdulillahi. Haya, Mama Faudhia, usiku mwema.”

Mwaija aliiweka simu juu ya friji. Akaenda mlangoni, akachungulia njia ya stendi mara moja tu, akafunga na kutia komeo kwa ndani, kama anavyofunga mwanamke ambaye mumewe ameshaingia.