Nani Amebaki na Kuku?

Nguchiro wa Tongaren hawaogopi mchana. Watu watakwambia mnyama mwizi hungoja giza. Hao hawajafuga kuku karibu na shamba la mahindi. Wetu hutoka kwenye mahindi jua likiwaka, wakasimama kwa miguu ya nyuma kuangalia kama kuna mtu. Wakiona hakuna, wanaingia. Kibanda changu walikichimba chini. Nikahamishia kuku jikoni, wakapita chini ya mlango, pale mchwa walipokula mbao. Siku hiyo tulikuwa kanisani, na tuliporudi tulikuta manyoya. Dawa yao ni moja tu: mtu awepo nyumbani, apige debe, arushe mawe, aonekane.

Mwaka wa themanini na nane nilikuwa nafuga kuku wa Dinah. Dinah ni binti yangu wa kwanza, na wazee wa kina Nyongesa, kijana aliyemtaka, walikuwa wanakuja Jumamosi kutoka Misikhu kumposa. Kwetu mgeni wa heshima asipoona firigisi kwenye sahani, hajala, hata umchinjie ng'ombe. Walipokuja mara ya kwanza kutuona, nguchiro walikuwa wamenimalizia kundi lote, na wazee wa watu wakarudi kwao na chai tumboni. Maneno waliyosema njiani yalinifikia. Safari hii niliapa hainipati aibu tena.

Basi wiki hiyo hiyo shangazi ya mume wangu akafa, na huko huko Misikhu. Nilimlilia, kwa sababu mama yule alinipenda. Lakini nisiseme uongo, na kuku pia niliwalilia.

Mukhisa, mume wangu, alitangulia na Dinah. Mimi nikawafungia kuku kibandani, nikamwita Absalom, mdogo wake.

"Shemeji, wewe utabaki na kuku. Usiende hata dukani."

"Ondoa shaka, shemeji. Nguchiro akikanyaga hapa, nitamla yeye."

Kwa kuwa Absalom namjua, nilimwomba na jirani yetu Lenah awe anatupa jicho. Tena tulikuwa na mbwa mkali, Polisi. Nikasafiri moyo umetulia.

Siku ya mazishi nilikuwa nimekaa na wanawake kwenye mikeka, mchungaji akihubiri, lori la watu wa Tongaren likaingia. Wa kwanza kushuka alikuwa Lenah, analia kwa sauti. Niliinuka nikamshika mkono.

"Lenah, kuku?"

"Si Absalom yuko?"

Absalom mwenyewe alikuwa anashuka nyuma yake, kofia mkononi. Nilitaka kumzaba kofi pale pale, mbele ya jeneza.

"Nani amebaki na kuku?"

"Pole, shemeji. Sasa ningefanya aje, bana? Kila mtu amepanda lori. Nikikosa mimi peke yangu, wataanza kuuliza, ati huyu anaogopa nini kwa maiti? Kesho wanasema ni mimi nimemroga."

Kilichoniudhi zaidi ni kwamba alisema kweli. Kwetu anayekosa mazishi hutafutiwa sababu, na sababu haikosekani. Ndiyo maana kijiji kizima kilikuwa kimefunga milango na kuja. Nikiwa bado natafuta tusi la kumfaa, nikamwona Polisi anaruka kutoka kwenye lori, mkia unacheza. Hata mbwa amekuja kuzika!

Nilikaa. Nikashindwa kukaa. Kila mchungaji aliposema amina, mimi niliona nguchiro wanachimba. Mwishowe nikamfuata Mukhisa upande wa wanaume, nikamnong'oneza kwamba naenda nyumbani.

"Mama Dinah, keti. Udongo haujaingia."

"Na Jumamosi wageni watakula udongo?"

Jeneza lilikuwa linanyanyuliwa nilipopita katikati ya watu. Mama yake Nyongesa alikuwa ameketi karibu na lango. Nikamwinamishia kichwa, naye akanitazama tu. Barabarani nilipata pikapu iliyokuwa ikirudi Tongaren kubeba mahindi, nikamsihi dereva mpaka akanichukua.

Niliwakuta kazini. Walikuwa wametoa udongo chini ya kibanda, kichwa cha mmoja kimeshaingia. Nilipiga yowe, nikashika debe, nikalitwanga kwa jiwe mpaka mikono ikafa ganzi. Wakakimbilia kwenye mahindi. Ndani, kuku wangu walikuwa wamebanana juu ya kijiti cha kulalia, wote wazima. Niliketi chini nikacheka peke yangu. Nilijiona shujaa, Mungu anisamehe.

Jumamosi tulifagia uwanja, tukapika ugali wa wimbi. Kuku hatukuwachinja, maana kuku wa mgeni huchinjwa mgeni akifika. Jua likapanda, likageuka. Aliyeingia langoni ni Lenah peke yake, ndiyo kwanza anarudi kutoka Misikhu, na kitambaa cha matanga bado kichwani.

"Mama Dinah, wamenituma. Hawaji."

"Hawaji leo, ama kabisa?"

Lenah alitazama chini. "Mama Nyongesa anasema, ati mama ya huyu msichana aliacha maiti haijazikwa, akakimbilia kuku. Ati siku Nyongesa akianguka, huyu mtoto naye atamwacha hivyo hivyo."

Nilikuwa na maneno, tena mengi. Kuku walikuwa wao! Firigisi zilikuwa zao! Ningewafuata mpaka Misikhu niwamwagie yote pale uwanjani kwao, lakini nani angenisikiliza?

Dinah alikuwa mlangoni, amevaa gauni jipya, amesikia kila neno. Hakulia. Alikwenda kibandani, akafungua, akaanza kuwatoa kuku mmoja mmoja na kuwafukuza kwa ufito kuelekea kwenye mahindi.

"Dinah!" babake akaita.

Nikamwambia amwache.