Pua ya Mwonja Chai

Kiwandani hakuna aliyemwita kwa jina lake. Aliitwa Mzee Pua, naye alilipenda jina hilo kuliko lile alilopewa na wazazi. Kwa miaka ishirini na sita hakuna gunia la chai lililotoka ghalani kabla hajalipitisha.

Wageni walipokuja aliwapa somo, watake wasitake. Ulimi, aliwaambia, ni bawabu tu: unajua tamu, chachu, chumvi, uchungu na utamu wa mchuzi, basi. Yaliyobaki ni kazi ya pua. Nyoka hutoa ulimi nje kwenda kuchota harufu, nzi huonja kwa miguu, na mbwa akinusa suruali yako atajua vizuri ulikopita jana kuliko mkeo anavyojua. Wageni walicheka. Mwenyewe hakucheka, maana hakuwa anatania.

Halafu yakaja mafua. Mafua ya kawaida, ya siku tano, lakini yalipoondoka yaliondoka na pua yake. Asubuhi moja alikuwa jikoni anasoma gazeti, maziwa yakaungua hatua mbili kutoka alipokaa.

"Baba watoto, hiyo harufu huisikii?" mkewe aliuliza toka mlangoni.

"Nilikuwa na mawazo," akajibu.

Ilibaki miaka miwili astaafu, na nje ya chumba cha kuonjea hakuwa na ujuzi mwingine duniani. Angesema ukweli angemwaga unga wake mwenyewe. Kwa hiyo alijikaza kisabuni. Ukali wa chai aliujua bado kwa ulimi, rangi aliiona kwa macho. Kwa harufu, akaazima pua ya msaidizi wake.

Msaidizi alikuwa binti makini aliyefundishwa kazi na mzee mwenyewe. Walisimama bega kwa bega mbele ya safu ya vikombe vyeupe, kila mmoja na kijiko chake, wakifyonza chai kwa kelele, wakiisukasuka mdomoni, wakiitema ndooni. Hapo Mzee Pua alimtupia binti jicho la pembeni. Akikunja uso, chai inakataliwa. Akitulia, inapita. Miezi minane ilikwenda hivyo, na sifa za mzee zikazidi. Meneja alisema uzee umemwongezea umakini, siku hizi hata maneno hana.

Siku ya shehena kubwa meneja alikuja mwenyewe kuonja kabla malori hayajapakiwa. Mzee Pua akafyonza, akamtazama binti. Ametulia tuli.

"Inapita," mzee akasema.

"Inapita," binti akaitikia upesi.

Meneja akapiga funda, akawatazama wote wawili. "Safi kabisa," akasema.

Wakati huohuo mama wa usafi akaingia na ndoo na fagio lake, akasimama ghafla. "Jamani, nani kamwaga mafuta ya taa humu ndani?"

"Mama, hapa wapo wataalamu," meneja alisema.

"Samahani, bosi. Ila hivyo vikombe vinanuka."

Meneja akapandwa na hasira. "Unaitukana chai yetu mbele yangu? Basi kesho usije kazini. Mzee, hebu mwambie huyu."

Neno moja tu lingetosha. Nani angesikiliza kidomo cha mfagiaji dhidi ya pua ya miaka ishirini na sita? Mama wa watu alishika mpini wa fagio kwa mikono miwili, macho yamemlenga mzee. Aibu ikamchoma Mzee Pua. Kwa mazoea akamgeukia binti asome uso wake, akakuta binti naye ameshamkodolea macho, anasubiri. Mtazamo ule aliujua. Ulikuwa wa kwake mwenyewe.

"Tangu lini?" akamuuliza taratibu.

"Tangu yale mafua, mzee. Wewe ndiye uliyeniambukiza." Binti akainamisha kichwa. "Nilikuwa nakutazama wewe tu."

"Na ile chai niliyoikataa mwezi jana? Ulikunja uso kabisa!"

"Nilikuwa naumwa jino."

Mzee Pua akaweka kijiko mezani. Mficha maradhi kifo humuumbua, na yeye ameumbuka akiwa hai, mchana kweupe. "Bosi, mama asifukuzwe," akasema. "Mimi sinusi kitu, hata maziwa yanayoungua. Na huyu binti vilevile."

Meneja akakitazama kikombe chake, masikio yamemwiva kwa aibu.

"Mimi nilisikia," akasema mwishowe. "Toka funda la kwanza. Nikadhani pua yangu ndiyo mbovu."

"Heri yenu," mama wa usafi akasema. "Mimi miezi yote hii naona mnapitisha chai yenye ukungu, najiambia labda wasomi ndivyo wanavyoipenda."

Malori yakaambiwa yasubiri. Meneja, bila kumwangalia mtu, akachukua kijiko cha mzee akampa mama wa usafi, na kikombe cha gunia la pili. "Nusa wewe, mama. Sema unachokisikia, usiogope."

Mama akafuta mikono kwenye kanga yake. Akainua kikombe, akanusa mara moja, akanusa tena. Na kabla hajatamka neno, akageuza macho kumtazama Mzee Pua usoni.

Mzee akageukia ukutani, asisomwe uso.