Nywele Ndani ya Difu

Saa tatu asubuhi, Jumamosi, gari jekundu la spoti lilikuwa uani juu ya stendi nne za chuma, limesawazishwa kama meza. Mwenye gari, mwanamume wa miaka arobaini na moja, alikaa kibarazani akingoja mama yake ammenyee yai. Mama alimenya, akalipuliza, akampa.

Chini ya gari, chali juu ya kipande cha boksi, alilala dada yake, kitinda mimba wa nyumba hiyo na fundi magari mwenye diploma. Alikuwa amekuja kwa mambo mawili: kubadilisha oili ya difu, lile bonge la chuma linalogawia magurudumu ya nyuma nguvu za injini, kisha kumchukua mama akaishi naye. Begi la mama lilikuwa limeshafungwa, limeegemea nguzo. "Gari likipona tu tunaondoka," mama alikuwa amesema. Hakutaka kumwachia mwanawe gari linalolia.

"Kaka, usiguse kitu," fundi alisema. "Inaanza bolti ya juu, ya kujazia. Ya chini baadaye. Ukimwaga kabla ya kujua kama utajaza, umeua gari."

"Wewe mtoto, nani alikufundisha baiskeli?"

Kaka aliweka yai mdomoni zima zima, akajipenyeza chini, akashika spana, akafungua ya chini.

Oili ilitoka nyeusi, nzito, ikinuka mayai viza, kama inavyonuka oili yoyote ya difu. Kaka aliendelea kutafuna. Ndani ya uvundo huo mlikuwa na harufu nyingine, ya mafuta ya nazi, na fundi aliijua. Ilikuwa harufu ya kichwa cha mama. Alilala nayo mpaka alipoanza shule.

Kisha zikaja nywele. Kwanza moja moja, nyeupe, halafu vishungi, halafu msokoto mmoja mrefu ulioziba tundu. Fundi aliuvuta kwa mkono kama uchafu wa bomba la bafuni. Ukaja, ukaja, mpaka beseni likajaa. Kwenye sumaku ya bolti, mahali ambapo hunata chengachenga za chuma, zilinata kucha kumi, zimepakwa uji wa kijivu.

Mama aliinama, mikono magotini.

"Zangu hizo," alisema. Alivua kitambaa cha kichwa. Upara wake uling'aa. Palibaki kishungi kimoja tu nyuma ya sikio. "Na mimi nikasingizia sabuni, maskini."

"Oili ya miaka mitatu haikosi takataka," kaka alisema. "Zitupe."

Bolti ya juu ilikataa. Fundi alitumia spana, akaongeza bomba kwenye mpini, akagonga nyundo, akachoma moto. Bolti haikujua hata kama inaguswa.

"Sasa?" kaka aliuliza.

"Sasa haliendi popote. Chuma juu ya chuma. Litajisaga kabla ya kufika getini."

Alisema hivyo amekunja uso, lakini moyoni alipiga vigelegele. Hakuna mtu tena atakayeamka alfajiri kuliosha gari hili na kulifungulia geti.

"Mama, vaa viatu."

Mama alivaa viatu. Alilitazama begi. Alimtazama mwanawe, aliyekuwa amekaa chini, mdomo umevimba kwa kununa, kiini cha yai kimemganda kwenye ndevu. Akamfuta kiini kwa kile kitambaa. Kisha akapiga magoti, akatambaa chini ya gari, akaifungua bolti kwa vidole viwili kama kifuniko cha chupa ya jamu.

"Mtoto atakwendaje kazini Jumatatu?"

"Mama, ana miguu."

"Anayo. Umewahi kumwona akiitumia?"

Fundi alisukuma oili mpya kwa pampu ya mkono mpaka ikachuruzika kwenye tundu la kujazia, kama inavyotakiwa. Aliifanya kazi hiyo kwa sababu mama ndiye aliyeomba, na aliichukia mikono yake yote miwili. Mama aliomba pia mkasi. Alikata kishungi cha nyuma ya sikio, akakiviringa viganjani, akakisukumiza tunduni kwa kidole kisicho na ukucha.

"Basi. Funga."

Fundi hakufunga. Alifunga kaka, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alifunga vizuri.

Gari lilishushwa. Halikulia tena. Kaka alizunguka mtaa mara mbili, akarudi, akapiga honi getini, na mama akakimbia kumfungulia kwa viatu vile vya safari. Kisha alifungua begi, akatoa gauni lake jipya, akaanza kufutia rimu zilizodondokewa na oili.

"Umeona?" kaka alisema. "Ilikuwa oili tu. Nyingine lini?"

"Baada ya miaka mitatu."

Fundi aliandika tarehe kwenye karatasi ya gundi, akaibandika ndani ya boneti. Beseni alilimwaga shimoni nyuma ya nyumba, akatapika juu yake, akafukia vyote pamoja. Mama alimsindikiza hadi getini.

"Usininunie, mwanangu. Mzazi hachakai."

Akatabasamu. Meno yake yote bado yalikuwepo, meupe, imara.