Maji Baridi ya Keya

Jumatatu hiyo, mwaka wa tisini na tatu, Nekoye alishuka mtoni akiwa na kitambaa chake cha kanisani begani, akakuta maji safi. Safi kabisa, hadi mawe ya chini yalionekana.

Mahali pengine mtu angefurahi. Mtaani Keya, maji safi yalikuwa habari mbaya.

Mtaa wao ulikaa ukingoni mwa mto mdogo unaoingia ziwani, upande wa viwanda wa Kisumu. Wakati wa vita vya Wazungu palikuwa kambi ya Keya, askari Waafrika wa jeshi la Waingereza, na yale mabanda marefu ya mabati yenye namba nyeupe milangoni yalikuwa bado yamesimama. Baada ya askari kilikuja kiwanda cha nguo. Kiwanda kikarithi nyumba, kikarithi mabirika ya saruji ambamo nyumbu wa jeshi walinyweshwa maji, na king'ora cha kuzungushwa kwa mkono. Waliaula, marehemu mume wa Nekoye, aliingia namba kumi na nne akiwa askari, akabaki namba kumi na nne akiwa mfanyakazi wa kiwanda. Sasa mwenye kazi alikuwa mtoto wao Wakhisi, katika idara ya rangi. Sheria ilikuwa moja tu na kila mtu aliijua: nyumba hufuata kazi. Kazi ikiisha, unatoka.

Rangi ilipomaliza kazi yake ilimwagwa mtoni ikiwa bado ya moto, inatoa mvuke. Siku za buluu wanawake wa Keya walileta nguo zilizochujuka, sweta na kaptura za shule, wakazitumbukiza pale bomba linapotokea. Waliziacha humo kwa muda wa kuimba wimbo mmoja wa kanisa, beti zote, kisha wakazitoa zikiwa kama mpya. Waliita kazi hiyo kurudisha ujana. Jumatatu ilikuwa siku ya buluu tangu zamani.

Nekoye alirudi nyumbani na kitambaa chake kikavu. Benta, mke wa Wakhisi, alikuwa amekaa mlangoni na mimba ya miezi minane, anachagua mchele. Nekoye hakumwambia kitu. Shamba la Waliaula kule Bungoma lilikwisha gawanywa na ndugu zake. Wakitolewa hapa, huyo mtoto atazaliwa wapi? Atalazwa wapi?

Saa nane mchana king'ora cha zamu kililia kama kawaida, naye akajifariji kwamba labda ni mashine moja tu imeharibika. Lakini Jumanne maji yalikuwa safi tena. Jioni alimega tonge, akalirudisha sahanini.

"Mama, mbona huli?" Benta akauliza. "Ama mboga yangu haina chumvi?"

"Ni meno tu, mwanangu."

Benta alichambua miiba ya samaki wake mwenyewe, akachukua ile nyama laini ya mgongoni, akaihamishia kwenye sahani ya Nekoye. Wakhisi alikula akiangalia chini. Daktari alikuwa amemwambia kwamba mama yake ana presha, asipewe habari za kumshtua.

Jumatano maji yakaja buluu.

Nekoye alifurahi, akakunjua kitambaa chake. Lornah, jirani wa namba kumi na tano, alikuwa tayari mtoni na beseni lake.

"Yawa, Mama Wakhisi! Siku ya tatu hii unasimama hapo kama askari. Unalinda mto usiibwe?"

"Nani ataiba mto?"

"Kisumu hii? Wakipata gunia la kutosha, wanabeba!"

Nekoye alicheka hadi machozi yakamtoka. Akainama, akatumbukiza kitambaa na mkono wote majini.

Maji yalikuwa baridi.

Aliuacha mkono humo, akingoja labda ule moto unakuja nyuma. Haukuja. Ile buluu ilimpita kama leso inayovutwa, nyembamba, na kabla hajamaliza hata ubeti wa kwanza mawe yalionekana tena. Kitambaa kilitoka na mabaka mabaka. Akamtazama Lornah. Lornah alikuwa ametazama pembeni, hacheki tena.

Nekoye alipanda ukingo wa mto taratibu, mkono kifuani, akalipita bomba, ambalo lilikuwa kavu na buibui amejenga mdomoni mwake, akafika kwenye mabirika ya nyumbu. Wakhisi alikuwa amepiga magoti hapo, suruali ya kazi imekunjwa, anakoroga unga wa rangi ndani ya ndoo kwa kijiti.

"Baba," akamwita, kama alivyomwita tangu utotoni, kwa sababu alipewa jina la babu yake. "Barua ya kiwanda ilikuja lini?"

Kijiti kikaanguka. "Ijumaa, Mama."

"Wamesema tutoke lini?"

"Mwisho wa mwezi." Alijipangusa uso, akaupaka buluu. "Mzee Opiyo wa getini alinipa mkebe wa rangi uliobaki. Na king'ora ni yeye anazungusha, kiwandani hamna mtu. Nilisema nipate chumba kwanza, ndiyo nikwambie. Niliogopa, Mama. Wewe husoma huu mto kama gazeti."

"Ulisahau kuyapasha moto."

Wakhisi alitaka kucheka, akalia. Nekoye alikaa kwenye ukingo wa birika na kumshika shingo, mpaka mabega yake yakatulia. Moyo wake mwenyewe ulikuwa unakimbia, lakini haukusimama.

"Mwambie Opiyo asante," akasema. "Na umwambie apumzishe mkono. Benta je?"

"Anajua tangu Jumamosi. Mtaa wote unajua. Niliwaomba wasikwambie."

Siku tatu alikuwa akimficha Benta, na Benta akimchambulia samaki.

Walipitia getini kwa Opiyo kwanza, na walipofika namba kumi na nne walimkuta Lornah akiwa amekaa na Benta. Lornah akainuka upesi.

"Mama Wakhisi, usinikasirikie. Dada yangu ana chumba Nyamasaria. Kimoja tu, na paa linavuja upande mmoja."

"Upande gani?"

"Wa mlangoni."

"Basi mtoto atalala ndani kabisa," Nekoye akasema.

Akavuta chini ya kitanda sanduku la bati la Waliaula, lenye namba yake ya jeshi, akatoa blanketi na kuanza kupanga nepi. Benta akaja kushika upande wa pili wa kila nepi ili ikunjike sawa.

Saa nane ilipofika wote walitega masikio. Benta aliweka mkono tumboni. King'ora hakikulia.

"Nipe nyingine," Nekoye akasema.