Mkono Bila Mwenyewe

Mhariri wa kipindi cha hadithi redioni alinipigia asubuhi, nikiwa nimemkalisha wifi kitini. Nusu ya kichwa chake nilishaisuka, nusu nyingine imesimama kama imeona askari.

“Dada Msusi, ile hadithi yako ya kutisha nimemsomea mke wangu. Amecheka mpaka akapaliwa na chai.”

“Sehemu gani?”

“Zote. Jeneza linafunguka, radi inapiga, halafu shetani anabisha hodi. Shetani na hodi wapi na wapi? Nitumie nyingine kabla ya taarifa ya habari ya mchana. Isipotisha, nafasi yako nampa mtu mwingine.”

Nafasi yenyewe ni dakika kumi tu kila wiki. Lakini dakika hizo mtaa mzima hunyamaza kunisikiliza mimi, na mtaa huu haujawahi kumnyamazia mtu.

Kosa langu likawa kuwaambia waliokuwemo saluni. Kila mtu akageuka mwandishi.

“Ongeza damu,” akasema wifi. “Inachuruzika ukutani.”

Mama mkwe alikuwa amekaa mlangoni kufuata mwanga, katugeuzia mgongo, anachambua mchele. “Ukutani! Na rangi atapaka nani? Weka fuvu, mwanangu. Fuvu halichafui.”

“Fuvu linaloongea!” akadakia Kipaza. Huyu ni jirani yetu. Hasuki, nywele zake fupi kama mswaki, lakini hakosi siku. Jina alilipata kihalali: mnong'oneze jambo hapa, utalikuta sokoni limekutangulia. “Na paka mweusi. Wawili.”

Nikaandika vyote kwenye simu. Ningefanyaje, na maji yamenifika shingoni? Nikawasomea. Fuvu lilipofungua kinywa, mama mkwe akauliza limepiga mswaki lini. Wifi alicheka mpaka kitana kikaanguka.

“Jamani, hata kidogo hamuogopi?”

“Tuogope nini?” akasema mama mkwe. “Jinamizi lako linapiga kelele tangu njia panda. Likifika, sisi tumeshalitandikia kitanda.”

Nikasonya. Nikaenda dirishani, nikawapa mgongo, nikaanza kufuta kwa hasira. Fuvu, nje. Paka, nje wote wawili. Nyuma yangu wifi alikuwa kafumba macho, anasinzia kama kawaida yake.

“Wifi, taratibu basi,” akasema. “Unanivuta.”

“Sijakushika,” nikamjibu. “Mimi niko huku dirishani.”

Mchele ukaacha kulia kwenye ungo. Nikaisikia feni, na feni ile inakoroma tangu niolewe, nilishaisahau. Hakuna aliyegeuka. Mimi mwenyewe nilitaka kugeuka, shingo ikakataa.

“Sasa ni nani—”

“Mimi,” akasema Kipaza, kasimama nyuma ya kiti. “Naangalia kama umembana sana. Mbona mmekauka?”

Wakaangua kicheko, mama mkwe akamrushia mchele. Mimi sikucheka. Asubuhi nzima nimebeba mafuvu kama mpagazi, watu wananikenulia meno. Kumbe kilichotugandisha ni maneno mawili matatu ya saluni, mchana kweupe, na jibu ambalo halijafika. Na lilipofika tu, hofu ikafa.

Basi nikaandika hivyo hivyo. Kiti, feni, mchele, mteja kafumba macho. “Unanivuta.” “Sijakushika.” Nikakata hapo. Nikawasomea polepole, kwa sauti ya kawaida, kama napiga umbea.

Wifi aliinua mkono ashike kichwa chake, akafikiri, akaurudisha mapajani.

“Na mimi?” akauliza Kipaza. “Pale ninaposema ‘mimi’?”

“Nimekutoa.”

“Umenitoa! Mkono wangu umeuacha, mwenyewe umenitupa?”

“Ukitokea wewe watacheka.”

“Niweke hata jina!”

“Shoga yangu, mkono wenye jina haumtishi mtu.”

Akajifunga kanga yake vizuri, akatoka kwa hasira. Nikaituma. Mhariri akajibu kwa neno moja: “Imepita.” Nikataka kushangilia, mama mkwe akanikatiza: “Na huyo aliyetoka hapa, unadhani kaenda kulala?”

Kipaza! Kabla ya jioni kila mlango utajua mkono ni wa nani, na hadithi yangu itasikilizwa kama tangazo la sabuni. Nikamwacha wifi na nusu kichwa chake, nikakimbia. Nilimkuta kwa muuza mkaa, kazungukwa na watu, anaapa.

“Haki ya Mungu, mkono ni wangu! Mtausikia leo redioni!”

“Kipaza,” akasema muuza mkaa, “juzi ulituambia ule moto sokoni uliuzima wewe. Leo uko redioni?”

Wakamcheka wakatawanyika. Hata mimi nilimwonea huruma, nusu.

Jioni alikuja kununa kwangu, maana kununa peke yake hawezi. Chumba kimejaa, wengine wamekaa dirishani. Msomaji wa redioni akafika kwenye “Unanivuta,” na mtaa ukanyamaza wote, hadi kwa muuza mkaa. Kisha “Sijakushika.”

Nikageuka kumtazama Kipaza, nione kama atapasuka. Alikuwa anasogeza kigoda chake nyuma, taratibu, mpaka mgongo ukagusa ukuta.