Nionyeshe Visiki

Dhahabu ilipoibuka huku kwetu Serengeti, watu wakamiminika, na kila shimo likataka magogo ya kuzuia udongo usituangukie. Kikundi chetu kilimpa Kauthar kazi ya manunuzi. Mwanamke mbishi huyo!

Siku moja magogo yetu yaliisha, muuza magogo mmoja, Filemoni, akaleta lori zima, yamenyooka na bei ni poa. Kauthar hakuyagusa.

"Nionyeshe visiki."

"Dada, unanunua miti au mizizi?"

Tukacheka. Yeye akapanda pikipiki, akaenda na Filemoni mpaka kijiji cha Ringwani, magogo yalikotoka. Alirudi na tope miguuni. Miti ilikatwa kandokando ya chemchemi, akasema, na akina mama sasa wanachota matope. Lori likageuzwa.

Nilimfokea mimi, Thadeo, kwa sababu kazi shimoni ilisimama na njaa iliuma. Hakutetereka. Alizunguka vijijini hadi akampata mkulima wa mikaratusi, ambaye visiki vyake vilikuwa vinachipua upya.

Juzi muuzaji mgeni alisimamisha lori hapa. Kauthar hajafungua hata mdomo, sisi tuliokuwa chini shimoni tukapaza sauti:

"Tuonyeshe visiki!"